Kiti mwendo hupimwa mlangoni kabla ya kupimwa barabarani

Taarifa za makabidhiano ya viti mwendo ni miongoni mwa habari ambazo wananchi wamezizoea. Hutajwa idadi ya viti, jina la mfadhili na wilaya zilizonufaika. Jambo ambalo hutajwa kwa nadra ni vipimo: upana wa kiti, uzito wake, aina ya tairi, na iwapo atakayekitumia aliwahi kuulizwa anaishi katika nyumba ya namna gani. Swali hili linaweza kuonekana dogo, lakini ndilo linaloamua kama kifaa kitatumika kwa miaka mitano au kitaegeshwa nyuma ya nyumba baada ya miezi mitatu.

Mahitaji yenyewe ni makubwa. Ripoti ya pamoja ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF iliyotolewa mwezi Mei 2022 ilieleza kuwa zaidi ya watu bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kifaa saidizi kimoja, na kwamba katika baadhi ya nchi zenye kipato kidogo wanaovipata ni asilimia 3 tu ya wenye uhitaji. Kwa uhaba wa kiwango hicho, kishawishi cha kuhesabu idadi kwanza kinaeleweka. Hata hivyo, historia ya vifaa hivi, ambayo sehemu yake imeandikwa hapa Afrika Mashariki, inaonesha kuwa idadi bila usanifu wa pamoja ni hasara.

Mfano ulio karibu ni wa kiti kinachoendeshwa kwa mikono miwili ya chuma, kilichobuniwa na Amos Winter na wenzake katika chuo cha MIT cha Marekani. Mwaka 2005, akiwa bado mwanafunzi, Winter alifika Tanzania kuchunguza hali ya viti mwendo. Alichokikuta kinajulikana kwa kila anayeishi kijijini. Kiti cha kawaida kinapita ndani ya nyumba lakini humchosha mtu haraka kwenye mchanga, matope na mlima. Baiskeli ya miguu mitatu inayozungushwa kwa mikono huenda mbali barabarani, lakini haiingii mlangoni. Mtumiaji alilazimika kuchagua kati ya kufika sokoni na kufika chumbani kwake.

Ubunifu uliofuata ulikuwa rahisi kwa namna ya kuvutia. Mtumiaji husukuma mikono miwili mirefu iliyounganishwa na mnyororo wa baiskeli. Akishika juu ya mkono hupata nguvu ya kupanda mlima au kujinasua kwenye mchanga. Akishika chini hupata mwendo kwenye njia tambarare. Giya, kwa maana hiyo, ni mahali kiganja kiliposhika. Sehemu zinazozunguka zilitokana na vipuri vya baiskeli, ili kiti kikiharibika kitengenezwe na fundi baiskeli wa kijijini, pasipo kusubiri kipuri kutoka ng'ambo.

Kwa hesabu za kihandisi, kazi ilikuwa imekamilika. Watumiaji wa Afrika Mashariki walipokabidhiwa viti vya majaribio, walisema vinginevyo. Walikiri kuwa nje kilikwenda vizuri. Ndani ya nyumba kilikuwa kikubwa mno, kizito mno, na kilikuwa vigumu kukigeuza. Kwa maneno mengine, kiti kilirudia kosa lile lile la baiskeli ya miguu mitatu ambalo kilikusudiwa kulirekebisha. Hakuna kipimo cha maabara kilichokuwa kimeonesha hivyo, kwa kuwa maabara haina kizingiti cha mlango, wala kitanda kilichobanana na kabati.

Wasanifu walirudi mezani. Toleo lililojaribiwa Guatemala mwaka 2010 lilikuwa limepungua uzito kwa takribani kilo 9 na upana wake kukaribiana na wa kiti cha kawaida. Mikono ya kusukumia iliweza kuchomolewa, kiti kikatumika ndani kama kiti kingine chochote. Majaribio yaliendelea India pamoja na taasisi ya Jaipur Foot. Yapo mambo ambayo yangeweza kujulikana mapema zaidi kama watumiaji wangekuwapo tangu mchoro wa kwanza, na hapo ndipo tofauti ilipo kati ya kumshirikisha mtu na kumwomba maoni kazi ikiwa imekwisha.

Wapo waliotangulia kwa njia hiyo ya kwanza. Ralf Hotchkiss, mhandisi wa Marekani aliyepooza baada ya ajali ya pikipiki mwaka 1966, alifika Nicaragua mwaka 1980 na kufanya kazi na vijana waliokuwa wakitumia na kutengeneza viti vyao wenyewe. Gurudumu pana la mpira la mbele ambalo mafundi wa viti wengi hulijua kwa jina la Zimbabwe lilienea kupitia mtandao wake wa karakana. Uingereza, David Constantine, naye mtumiaji wa kiti mwendo, alianzisha shirika la Motivation na wenzake mwaka 1991. Shirika hilo lilishirikiana na chuo cha TATCOT, Moshi, kufundisha mafundi wa viti mwendo.

Ukosefu wa ushirikishwaji una gharama ya kiafya pia, na hapa haifai kutumia lugha laini. Mtu aliyeumia uti wa mgongo na kupoteza hisia hawezi kutambua kuwa kiti kinambana. Kiti kisicho na mto unaofaa, au kilicho kipana kuliko kiuno chake, huweza kumletea vidonda vya mgandamizo, na vidonda hivyo huua. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008 uliorodhesha hatua nane za utoaji wa kiti mwendo, zikiwamo tathmini ya mtumiaji, upimaji akiwa amekaa, mafunzo, na ufuatiliaji wa matengenezo. Kukabidhi kiti ni hatua moja tu kati ya hizo.

Kisheria, msingi upo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unazitaka nchi katika kifungu cha 4 kushauriana kwa karibu na watu wenye ulemavu kupitia vyama vyao, na katika kifungu cha 20 kuwahimiza watengenezaji wa vifaa vya kutembelea kuzingatia nyanja zote za mwendo. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ilifuata mwaka 2010. Sensa ya mwaka 2022 nayo ilibaini kuwa asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana aina fulani ya ulemavu.

Kinachobaki ni utekelezaji katika nyaraka ambazo wananchi wengi hawazisomi: hati za zabuni. Sheria ya ununuzi wa umma inatenga asilimia 30 kwa makundi maalumu, watu wenye ulemavu wakiwamo, na karakana zinazoendeshwa na watumiaji wenyewe zinaweza kuomba kazi hizo. Lakini iwapo hati inataja "kiti mwendo, idadi 50" pasipo upana, mto, aina ya tairi, saizi za watoto wala mkataba wa matengenezo, mshindi atakuwa mwenye bei ndogo. Mahali pa mtumiaji kukaa ni kwenye kamati inayoandika vipimo hivyo, wiki kadhaa kabla tangazo halijatoka.