Ruta ni yetu, lakini ufunguo uko kwa nani?

Mu ofisi ya koperative moja ya kahawa huku kando ya Ziwa Kivu kuna ruta, kile kisanduku chenye antene mbili kinachogawa intaneti kwa simu na ordinateri. Mradi mmoja njo uliileta. Ilitumika vizuri miezi kadhaa, kisha rezo ya kampuni ya kwanza ikawa dhaifu, koperative ikanunua kadi ya SIM ya kampuni nyingine. Ruta ikadai neno la siri. Neno hilo alikuwa nalo fundi wa mradi, na mradi ulishakwisha, fundi amehamia mji mwingine. Tukabonyeza kile kitundu cha nyuma kwa sindano, ikarudi kama mpya. Bure! Ilikuwa imefungwa tangu mwanzo ikubali kadi za kampuni ileile tu. Tangu siku hiyo sekretere anatuma hesabu za kahawa kwa simu yake, kwa mega za mfuko wake. Mama prezida akaniuliza: «Kama hii kintu iko yetu, juu ya nini hatuna ufunguo yake?»

Maoni yangu ni haya: tusipokee tena ruta ambayo watu wetu hawawezi kuifungua na kuipanga upya. Hata kama ni ya bure.

Ruta ni ordinateri ndogo. Ndani kuna ubao, kumbukumbu kidogo, na programu inayoongoza kila kitu. Programu ya kiwanda inaweza kutolewa na kuwekwa nyingine iliyo wazi, ambayo kila mtu anaweza kuichukua bila kulipa, kuisoma na kuibadilisha. Inayojulikana zaidi inaitwa OpenWrt, na msingi wake ni Linux. Ilianza mwaka 2004, baada ya kampuni ya Linksys kulazimika kutoa hadharani programu ya ruta yake WRT54G, juu ilikuwa imetumia kazi ya watu wa Linux, na leseni ya kazi hiyo inadai anayeigawa aonyeshe na maandishi yake. Leo OpenWrt inakaa kwenye ruta za aina nyingi sana, hata zile ambazo kiwanda kimeshazisahau.

Faida ya kwanza ni mega. Pale ofisini kijana anapita, simu yake inaanza kujisasisha yenyewe, na forfe ya juma inakwisha mchana mmoja. Kwa OpenWrt unaamua simu gani iingie na saa gani. Modemu nayo inakuwa kando, imechomekwa kwa USB, kwa hiyo ukichoka na kampuni unabadilisha modemu tu au kadi yake, ruta inabaki.

Lakini faida ninayoipenda mimi haina haja ya intaneti hata kidogo. Ruta yenye tundu la USB na kumbukumbu ya kutosha inaweza kusoma flashi na kuonyesha kurasa zake kwa simu yoyote iliyo karibu, bila mega hata moja. Tuweke pale bei ya siku, na kilo za kahawa mbichi zilizopimwa, kwa namba ya kila mwanachama. Mama aliyeleta kilo 40 asubuhi anasimama kwenye ukumbi wa depo jioni na kuona kama ni 40 au 36 zilizoandikwa. Najua kuna majera ambao jambo hili halitawafurahisha. Pole yao.

Umeme si kikwazo kikubwa. Ruta iliyoandikwa volti 12 na ampea 1 inakula wati 12 kwa wingi, yaani wati-saa 288 kwa siku nzima ikiwaka usiku na mchana, na mara nyingi ni chini ya hapo. Batri ya volti 12 na ampea-saa 100 inabeba wati-saa 1200, na ukitumia nusu tu ili isife mapema, bado inatosha. Ila usiunge ruta moja kwa moja kwenye batri: wakati pano ya jua inachaji, volti zinapanda kupita 14. Weka kipunguza volti katikati. Kuna mbao, kama baadhi ya RouterBOARD za MikroTik, zinazokubali volti 8 mpaka 30. Hizo ni rafiki wa kijiji.

Sasa, ukweli mwingine. Kubadilisha programu kunaweza kuua ruta. Umeme ukikatika katikati ya kazi, au ukiweka programu ya modeli nyingine hata kama majina yanafanana, unabaki na jiwe. Nimeshaua moja, na ilikuwa yangu, Mungu asifiwe. Kwa hiyo kijana asijifunzie kwenye ruta pekee ya ofisi. Na ruta za bei ya chini kabisa, zenye megabaiti 4 za hifadhi na 32 za kumbukumbu, OpenWrt ya leo haizitoshi tena. Tafuta kuanzia 16 na 128. Mwisho wa 2024 watu wa OpenWrt wenyewe walitoa ubao wao, OpenWrt One, kwa dola 89 pamoja na ganda lake, usafiri kando. Una swichi ya kuuamsha ukiharibika. Kwa koperative ndogo bei hiyo ni mzigo, lakini kwa mradi unaonunua vifaa kumi ni jambo la kuzungumza.

Na mazungumzo hayo yafanyike kabla ya kusaini. Wakati mwingine mshirika akileta karatasi ya kupokea vifaa, komite iulize modeli kamili, ihakikishe iko kwenye orodha ya OpenWrt, na iombe wanachama wawili wafundishwe, mmoja awe mwanamke, juu vijana wanaume ndio wanaokimbilia mjini kwanza. OpenWrt mpya haina neno la siri. Waliweke hao wawili, siku ileile, mbele ya komite. Waliandike kwenye karatasi, pamoja na nakala ya mipangilio kwenye flashi, vyote viingie bahasha moja na kufungwa katika kasha la pesa la koperative. Fundi wa mradi aondoke na asante zetu, bila ufunguo.