MZEE KWANZA, HATA AKIWA KITANDANI

Aingiapo mtu katika hospitali nyingi za Tanzania hukuta ukutani tangazo lenye maneno haya: Mzee Kwanza. Ni maneno mema, nayo yaafikiana na Sera ya Taifa ya Wazee iliyotolewa mwaka 2003. Lakini sisi twauliza: mzee huyo aliyepishwa dirishani, akisha kulazwa wodini, je, bado ni wa kwanza?

Twauliza hivyo kwa sababu ya ugonjwa mmoja usiosemwa sana. Mzee aletwa hospitali kwa homa ya mapafu, au kwa nyonga iliyovunjika. Aingia akili zake timamu, akiwataja wajukuu wake mmoja mmoja. Usiku wa pili aanza kumwita marehemu mkewe, avuta mpira wa dripu, ataka kwenda shamba saa nane za usiku. Asubuhi ametulia, jioni yale yale yamerudi. Jamaa zake wanong'onezana kwamba amerogwa. Mwenye kitanda cha pili asema ni wazimu. Wengine wasema ni uzee tu.

Si uchawi, si wazimu, wala si uzee. Ni kuchanganyikiwa kwa ghafla, ambako waganga hukuita deliriamu. Uzee hauingii kwa usiku mmoja. Hata ule ugonjwa wa kusahau unaowapata wazee huja polepole, kwa miezi na miaka. Huu huja kwa saa au kwa siku chache, hupanda na kushuka, na alama yake kubwa ni kwamba mgonjwa hawezi kulishika jambo moja akilini hata kwa muda mfupi. Aliyekwisha kuwa na ugonjwa wa kusahau yumo hatarini zaidi.

Tena si wote wapigao kelele. Wako walalao kimya mchana kutwa, hawali, hawaulizi neno. Hao ndio wasahauliwao, maana wodi yenye kazi nyingi humshukuru mgonjwa mkimya. Mdharau mwiba, mguu huota tende.

Hesabu zilizokusanywa katika nchi mbalimbali zaonyesha kwamba katika kila wazee wanne waliolazwa, kama mmoja hupatwa. Apatwaye hukaa hospitali siku nyingi zaidi, huanguka kwa urahisi, na hatari ya kufa kwake huongezeka. Chanzo mara nyingi chajulikana na chaweza kuondolewa: maambukizo ya mapafu au ya njia ya mkojo, upungufu wa maji mwilini, sukari iliyoshuka, mkojo uliozuilika, choo kigumu, maumivu yasiyotulizwa, au dawa zenyewe, hasa za usingizi na baadhi ya zile za mafua na mzio. Kwa hiyo mzee akichanganyikiwa, swali la kwanza lisiwe tumtulizeje, bali ni nini kimemsibu. Kumfunga mikono kitandani si tiba. Humzidishia hofu na kumwumiza. Dawa ya kumtuliza iwe ya mwisho, kwa kipimo kidogo na kwa muda mfupi, pale tu anapokuwa hatari kwake au kwa wengine.

Kuzuia kwawezekana. Mwaka 1999 Dk. Sharon Inouye na wenzake wa New Haven, Marekani, walitangaza matokeo ya kazi yao kwa wagonjwa 852 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Mambo waliyoyatenda hayakuwa ya ajabu: kumkumbusha mzee yuko wapi na leo ni siku gani, kumwinua atembee, kumpa maji, kumrudishia miwani yake na chombo chake cha kusikilizia, na kumwacha alale usiku pasipo dawa. Katika kila 100 waliopata uangalizi wa kawaida, 15 walichanganyikiwa. Katika waliopata uangalizi huu, hawakufika 10. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na watu wa kujitolea waliofundishwa.

Tutajibiwa kwamba wauguzi ni wachache. Ni kweli, nasi hatuwatupii lawama wafanyakazi wenzetu wanaokesha usiku kucha na wodi nzima mikononi mwao. Lakini wakati muuguzi huyo anahangaika, mtoto wa mzee yuko nje ya lango akingoja saa za kutazama wagonjwa! Huyo ndiye ajuaye jinsi babake alivyokuwa juzi. Viko vipimo vifupi vya kumwuliza mgonjwa umri wake, tarehe ya kuzaliwa na mwaka tulio nao. Lakini wengi wa wazee wetu hawakuandikiwa tarehe hiyo tangu walipozaliwa. Kwa hao, neno la jamaa ni kipimo kikubwa.

Kanuni za saa za kutazama wagonjwa zina sababu zake, nasi hatutaki wodi igeuke soko. Twataka jambo moja: kila mzee aliyelazwa aruhusiwe jamaa mmoja, kwa cheti cha wodi, akae naye mchana na usiku. Na jamaa huyo akisema, “Baba leo si yule wa jana,” neno hilo liandikwe katika karatasi ya mgonjwa, na mganga aitwe.

Nanyi wanachama na wafanyakazi, msingoje amri. Mpelekapo mzee hospitali, chukueni miwani yake, fimbo yake, na dawa zote anazotumia, pamoja na za miti shamba, mkamwonyeshe mganga. Pangeni zamu za kukaa naye. Mzee akianza kuweweseka, msimtoe wodini kumpeleka kwa mganga wa kupunga pepo. Semeni na muuguzi saa ile ile.

Penye wazee haliharibiki neno, twasema sote. Basi naye mzee asiachwe aharibikiwe mbele ya macho yetu, hali dawa yake ya kwanza ni maji, miwani na mtu wake kando ya kitanda.