Askari wa Mwili: Sitiari Isiyotosha

Wengi wetu tulifunzwa kuwa chembechembe nyeupe za damu ni askari wa mwili. Sitiari hiyo ni tamu, lakini yaficha mengi.

Viini vinapopenya ngozi, chembechembe za kwanza huvimeza bila kubagua. Ndipo mahali pakavimba na joto likapanda. Nyingine huchukua siku kadhaa kuvitambua viini hivyo na kuunda kingamwili za kuvinasa. Maradhi yakiisha, baadhi husalia na kumbukumbu ya adui, na kumbukumbu hiyo ndiyo siri ya chanjo. Hapa basi hamna askari tu. Yupo mpiga mbiu, na yupo mzee akumbukaye.

Tofauti hii si ya urembo wa lugha. Virusi vya UKIMWI huvamia hasa chembechembe za CD4, ambazo ndizo mpiga mbiu. Mtu mwenye afya huwa nazo takriban 500 hadi 1,500 katika milimita moja ya ujazo ya damu. Zikishuka chini ya 200, magonjwa nyemelezi hushamiri. Askari wapo, ila hawana wa kuwaamsha. Mgonjwa aelezwaye hivi huelewa kwa nini ameze dawa kila siku hata ajihisipo buheri wa afya: dawa huvizuia virusi kuzaana, mbiu isinyamazishwe.

Tuundapo istilahi, tukumbuke kuwa yupo atakayeishi au kufa kwa kuzielewa.