Kalima: mega zinakwisha kabla ya salamu

Mkaaji wa Kalima ananunua mega kidogo ili amsalimu ndugu yake aliye Kindu. Kabla hajaandika neno, programu za simu zinaanza kujisasisha zenyewe, na mega zimekwisha. Waliozitengeneza wanadhani kila nyumba ina wifi.

Serikali nayo, mwaka 2020, ilileta RAM: hadi dola 7 kwa mwaka zikikatwa kwenye uniti za mwenye simu ya 3G. Kelele za raia ziliiondoa mwaka 2022. Na hapa ndipo watu wanachimba kasiterite, jiwe linalotoa bati la kuunganishia vipande ndani ya simu! Wabunge walioipigia RAM kelele, mbona kwa bei ya mega mmenyamaza?