Ndovu wa Nürburgring

Tukitaja Nürburgring, vijana hukumbuka mwendo wa kasi. Barabara hiyo ya mashindano, iliyofunguliwa mwaka 1927 katika milima ya Eifel, Ujerumani, ina mzunguko wa kaskazini ambao hapo zamani ulikaribia kilomita 23. Ni huko Niki Lauda alikoungua vibaya garini mwake mwaka 1976. Lakini wapo waliokuwa wakiiendea katikati ya majira ya baridi, theluji ikiwa imetanda, wala hawakufuata kikombe.

Hao walikuwa watu wa “Ndovu”. Ndovu wa Kijani ni jina la utani la pikipiki Zündapp KS 601, iliyosifika kwa nguvu za kukokota kigari cha ubavuni. Mwaka 1956, mwandishi wa habari za pikipiki, Ernst Leverkus, aliwaita wenye pikipiki hizo wakutane karibu na Stuttgart. Tangu 1961 mkutano ukahamia Nürburgring, wenye pikipiki za aina nyingine nao wakakaribishwa, hata wahudhuriaji wakafikia maelfu.

Askari wetu watakielewa chombo hiki upesi. Katika Vita Kuu ya Pili, Zündapp KS 750 ya jeshi la Ujerumani ilisukumwa na gurudumu la nyuma pamoja na lile la kigari, tena iliweza kurudi kinyumenyume. Vita vilipokwisha, pikipiki zenye kigari zikawa gari la familia isiyomudu kununua motokaa: baba usukani, mama nyuma yake, mtoto kigarini.

Lakini asidhani mtu kuwa magurudumu matatu ni usalama mtupu! Kigari kikiwa kulia, ukiongeza mwendo pikipiki huvutwa kulia. Ukifunga breki, huvutwa kushoto. Ukikata kona ya kulia kwa pupa, kigari huinuka hewani, hasa kikiwa kitupu. Kwa hiyo anayejifunza hutia mfuko wa mchanga kigarini. Kwa maoni yangu, kumfikisha mtoto salama kwa chombo kama hicho juu ya barafu ni udereva mgumu kuliko kuzunguka uwanjani peke yako.

Mkutano uliondoka Nürburgring baada ya 1977. Tangu 1989 hufanyika katika misitu ya Bavaria, na wasafiri wangali wanalala hemani juu ya theluji, blanketi na sufuria zao zikiwa zimepakiwa kigarini.