Kabla ya Kufungua Boneti, Ongea na Mwenzio

Mwezi huu tunatoka chumbani na kuhamia uani, kwenye boneti la gari. Kina dada, msifunue ukurasa! Nyumba nyingi za vijana zina gari moja tu. Baba akilifumua Jumamosi likagoma kuwaka, Jumatatu mtagombea daladala wote wawili.

Shemeji yenu ana ugonjwa wa Subaru. Letu ni Forester ya turbo yenye injini ya EJ20, ile ambayo silinda zake nne zimelala, mbili kila upande. Siku moja akanijia na wazo la kununua spesa za manifoldi na kuzifunga mwenyewe nyumbani. "Mke wangu, tutaokoa mafuta," akaanza kwa sauti ya upole. Nikamuuliza, tutaokoa lita ngapi? Kimya. Basi tukakaa chini tukazungumza.

Ni kitu gani hicho? Manifoldi ni ule mkusanyiko wa mabomba unaogawa hewa kwa kila silinda. Kwenye Subaru imekaa juu ya injini, na kwa kuwa ni ya aluminiamu, inapokea joto la injini haraka sana. Spesa ni kipande cha plastiki ngumu inayostahimili joto, chenye unene wa milimita 3 au 8 hivi, kinachowekwa katikati ili joto lisipande juu. Hewa ya baridi imeshiba zaidi. Ikipoa kwa nyuzi 3 tu, uzito wake kwa ujazo uleule huongezeka kwa takriban asilimia 1, na hapo ndipo nguvu inapotafutwa.

Inavutia, au siyo? Lakini gari likiwa mwendoni, hewa hupita humo kwa sehemu ndogo tu ya sekunde, haina muda wa kupata joto jingi. Faida kubwa ni pale unapochomoka kwenye foleni, manifoldi ikiwa imeshaiva. Na mafuta je? Kompyuta ya gari hupima hewa inayoingia na kumwaga petroli kulingana nayo. Hewa ikizidi, petroli nayo inazidi. Sasa hapo unaokoa nini, jamani?

Shemeji yenu akacheka. Akasema ukweli: anapenda tu kushika spana, na hiyo ndiyo raha yake. Hapo tukaelewana! Raha ni sababu halali kabisa. Ila hela yake ikatoka kwenye fungu lake la starehe, siyo kwenye kodi ya nyumba. Tukapanga pia wikiendi isiyo na safari, na fundi wetu akaombwa asiwe mbali na simu.

Kama na nyie mmeamua, zingatieni haya:

1. Toeni presha ya petroli kwanza. Ondoa fyuzi ya pampu, washa gari liungurume mpaka lizime lenyewe. Kisha acha injini ipoe kabisa na uchomoe waya wa hasi wa betri. Sigara na jiko la mkaa vikae mbali.

2. Piga picha kila hatua, na bandika karatasi yenye namba kwenye kila mpira na kila plagi ya waya kabla ya kuichomoa. Hii ilikuwa kazi yangu, na nilitumia vibandiko vya madaftari.

3. Manifoldi ikishanyanyuka, ziba matundu ya silinda kwa vitambaa safi. Nati moja ikidondokea humo, bajeti imekwisha! Hesabu vitambaa unapoviweka, na uvihesabu tena unapovitoa.

4. Safisha uso wa kukalia gasketi kwa kikwangulio cha plastiki, maana aluminiamu huchubuka kirahisi. Weka gasketi mpya hata kama ya zamani inaonekana nzima. Spesa nene inahitaji boliti ndefu zaidi.

5. Kaza kwa awamu, ukianzia katikati kwenda nje, kwa spana inayopima nguvu ya kukaza. Namba fuata za kitabu cha ufundi cha gari lako, siyo nguvu za mkono.

Baada ya kuwasha, sikiliza. Ukisikia mlio wa "sss", au injini inatetemeka gari likiwa limesimama, kuna hewa inaingia kwa njia ya panya. Taa ya injini ikiwaka na mashine ikasoma P0171, maana yake hewa ni nyingi kuliko petroli. Usiendelee kuendesha hivyo. Gari la turbo likikosa petroli ya kutosha huweza kuunguza pistoni. Zima, kagua mipira na gasketi, au mpigie fundi.

La kwetu liliwaka vizuri, na Jumatatu tulienda kazini kama kawaida. Yeye anasema sasa linachomoka kuliko zamani. Mimi sijaona tofauti, na nimemwambia hivyo. Hakununa, kwa sababu hakuna aliyeahidiwa miujiza.

Kwenye mapenzi, kinachouma siyo bei ya kifaa. Kinachouma ni kugundua ulidanganywa ili ukubali. Kwa hiyo kaka, kama unakitaka kwa sababu unakipenda, sema hivyo. Na wewe dada, ukiambiwa ukweli, usimfanye ajute kuusema.

Tukutane mwezi ujao!