Mzee Kwanza, Hata Katika Kuchagua Pa Kuishi

Katika nchi yetu lipo neno moja linalotosha kuufunga mjadala wowote kuhusu makazi ya wazee. Neno hilo ni "kumtupa". Mwana akisema mbele ya ndugu zake kwamba huenda mama yao angetunzwa vizuri zaidi mahali penye wauguzi na watunzaji, atajibiwa kwamba anataka kumtupa mama. Likishatamkwa hilo, kikao kimekwisha. Hakuna atakayeuliza mama huyo anaishije leo, nani anamgeuza kitandani usiku, wala nani anakumbuka dawa zake za shinikizo la damu. Inatosha kwamba yuko "nyumbani".

Hoja yangu katika makala haya ni kwamba kumtafutia mzee makazi yenye huduma si kumtupa, na kumweka nyumbani si lazima kuwe kumtunza. Kinachotofautisha kutunza na kutupa ni mambo matatu: kama mzee mwenyewe aliulizwa na jibu lake likasikilizwa, kama mahali penyewe panafaa, na kama ndugu waliendelea kuwa ndugu baada ya mizigo kushushwa. Yote matatu tunayaacha kwa bahati, na bahati si sera.

Tuanze na hali halisi. Tunajisifu kwamba sisi Waafrika hatuna utamaduni wa nyumba za kulelea wazee. Ukweli ni kwamba tunazo, ila tunaziita "kwa mtoto". Baba aliyepatwa na kiharusi kijijini huletwa Dar es Salaam, jiji ambalo Sensa ya 2022 ililihesabia watu zaidi ya milioni 5.3, akawekwa katika chumba cha nyuma. Mwana na mkwe wanaondoka alfajiri na kurudi usiku. Mchana kutwa mzee anabaki na binti wa kazi aliyemaliza darasa la saba, ambaye hakufundishwa namna ya kumwinua mtu aliyepooza upande mmoja wala dalili za sukari kushuka. Binti huyo pia anapika, anafua na kumpokea mtoto anaporudi shule. Mzee hana jirani anayezungumza naye lugha ya kwao, hana kijiwe, hana shamba la kulitazama hata kwa macho. Baada ya miezi mitatu anahamishiwa kwa mtoto mwingine Morogoro, kisha Dodoma, kama mzigo wa zamu. Hayo nayo ni makazi ya uangalizi, ila hayana viwango, hayana mkaguzi na hayana pa kulalamika.

Pale ambapo hapaajiriwi binti wa kazi, kazi hiyo huangukia mwanamke wa ukoo: binti ambaye hakuolewa, au aliyeachika akarudi nyumbani, au mkwe. Yeye ndiye anayeacha biashara yake ya genge, ndiye anayekosa michango ya hifadhi ya jamii, na ndiye atakayezeeka bila akiba. Tunaposema "familia ndiyo inayotunza", tuwe wakweli tuseme ni nani hasa katika familia.

Naelewa hofu yetu ilikotoka. Makazi ya wazee tuliyoyarithi yana historia nzito. Baadhi yake, kama Nunge kule Kigamboni na Bukumbi mkoani Mwanza, yana asili katika makambi ya wagonjwa wa ukoma. Yalipokea watu ambao jamii ilikwisha kuwatenga. Katika Kanda ya Ziwa, ambako macho mekundu ya bibi aliyepikia kuni maisha yake yote yamewahi kuhesabiwa kuwa ushahidi wa uchawi, makazi yamekuwa pia kimbilio la kunusuru roho. Mahali panapoanza kama pa waliokimbiwa, si ajabu paendelee kuonekana hivyo. Hata Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliyachukulia matunzo ya kwenye makazi kuwa hatua ya mwisho, familia na jamii vikishindwa. Kwa mantiki hiyo, mzee hachagui makazi, huishia huko.

Ninapinga mantiki hiyo, na sipingi peke yangu. Itifaki ya Umoja wa Afrika kuhusu Haki za Wazee, iliyopitishwa Addis Ababa Januari 2016, inazitaka nchi zihakikishe kwamba matunzo ya kwenye makazi ni ya hiari na ya gharama inayomudika, na kwamba wanaoishi humo wanapata huduma inayofikia viwango vya chini vya kitaifa. Zingatieni neno hiari. Lina pande mbili. Mzee asilazimishwe kwenda. Lakini pia anayetaka kwenda asizuiwe kwa aibu ya watoto wake mbele ya majirani.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu mstaafu, alinisimulia kikao cha ukoo kuhusu dada yake mkubwa, mjane aliyekuwa akianguka mara kwa mara. Walizungumza watu tisa kwa saa mbili. Mwenye jambo alikuwa chumba cha pili, akisikia kila neno. Mwishowe mjukuu mmoja akauliza kwa nini bibi hakuitwa. Alipoletwa, hakulalamika wala hakulia. Aliuliza mawili tu: "Nikifia huko, mtanizika wapi?" na "Nyumba yangu atakaa nani?" Katika saa zile mbili hakuna aliyekuwa ameyagusa hayo. Walikuwa wamejadili ada, umbali na watu watasemaje.

Maswali hayo mawili yana elimu kubwa kuliko semina nyingi. Mzee wetu haogopi chakula kibaya kwanza. Anaogopa kukatwa kutoka kwenye ardhi yake na makaburi ya watu wake, na anaogopa kwamba akishavuka kizingiti, nyumba yake itauzwa kabla kitanda chake hakijapoa. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kumsaidia mzee kuhama ni kumjibu hayo, mbele ya mashahidi, na ikiwezekana kwa maandishi. Hati ya nyumba ibaki kwa jina lake. Anayepewa mamlaka ya kuchukua pensheni yake benki ajulikane kwa wote na atoe hesabu. Mahali pa kuzikwa pasemwe bila kigugumizi. Tena yafanyike mapema, akili ikiwa timamu, kwa maana ugonjwa wa kusahau ukishaingia, ridhaa inakuwa jambo la kubahatisha.

Pili ni kuchagua. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kituo kinaweza kuwa na lango lililopakwa rangi na maua yaliyopangwa, na ndani wazee wakalazwa saa kumi na moja jioni ili zamu ya usiku ipumzike. Nawashauri wanaotafuta waende mara mbili: mara moja kwa miadi, na mara ya pili bila taarifa, saa ya chakula au jioni. Waulize usiku kuna watunzaji wangapi kwa wazee wangapi. Waangalie vyoo: je, vina vishikio ukutani, sakafu haitelezi, na mtu mwenye kiti cha magurudumu anaweza kuingia? Waulize nani anatoa dawa, zinaandikwa wapi, na mgonjwa akizidiwa saa nane usiku anapelekwa hospitali gani kwa gari la nani. Waulize Mwislamu anapata wapi pa kuswali na Mkristo anafikaje kanisani. Waulize ada inajumuisha nini, inapanda lini, na fedha zikiisha inakuwaje. Zaidi ya yote, wakae na wazee wenyewe bila msimamizi kuwepo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake; wanaokilalia wanajua, na watasema ukiwapa nafasi.

Mzee mwenyewe aende pia. Akishindwa kwenda, apelekewe picha na sauti. Na pakipatikana panapofaa, aanze kwa majaribio, wiki mbili au mwezi, chumba chake nyumbani kikiwa vilevile. Atakapohama, ahame na vitu vyake: redio yake, mkeka wake, kanga zake, picha ya marehemu ukutani, kikombe alichozoea kunywea chai. Kwa kijana hivyo ni vikorokoro. Kwa mtu wa miaka themanini, ndivyo vinavyomwambia asubuhi kwamba yeye bado ni yeye.

Tatu ni baada ya kuhama. Hapa ndipo neno "kumtupa" linapostahili. Kuna ndugu wanaolipa ada kwa simu kila mwezi na hawaonekani mwaka mzima. Ratiba ya kutembelea ipangwe kama ilivyopangwa ratiba ya kulipa. Mzee aitwe kwenye harusi na misiba. Aulizwe ushauri kuhusu shamba. Penye wazee haliharibiki neno, lakini neno haliwezi kuwafikia wazee tuliowasahau.

Najua msomaji mmoja anasema moyoni: haya ni ya wenye nacho. Ni kweli kabisa, na hapo ndipo suala la familia linapogeuka kuwa suala la siasa. Makazi ya serikali yanawalenga wazee wasiojiweza na wasio na ndugu. Vituo binafsi ni vichache na vinahitaji mkoba mnene. Katikati kuna mamilioni: mkulima wa mahindi Songea, mvuvi mstaafu Kilwa, mama lishe, karani aliyestaafu na pensheni ndogo. Hawa si fukara wa kutosha kupokelewa na hawana uwezo wa kutosha kulipia. Tukiacha mambo yaende hivi, tutakuwa na uzee wa aina mbili: wa wateja na wa waliookotwa.

Ibara ya 11 ya Katiba yetu inaitaka mamlaka ya nchi kuweka utaratibu wa kufanikisha haki ya mtu kupata msaada wa jamii wakati wa uzee, maradhi na ulemavu. Wanafunzi wangu wa sheria watanikumbusha haraka kwamba Ibara ya 7 inazuia masharti ya sehemu hiyo kudaiwa mahakamani. Ndiyo. Lakini haki isiyodaiwa mahakamani inaweza kudaiwa bungeni, kwenye bajeti na kwenye sanduku la kura.

Mifano tunayo jirani. Zanzibar, mbali na nyumba za wazee za Sebleni na Welezo, ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mkazi mwenye miaka 70 na zaidi pensheni jamii, kwanza shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza kama aliwahi kuajiriwa. Kenya mwaka 2018 ilianza kuwalipa wenye miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Kiasi ni kidogo, na hakitoshi kulipia makazi yoyote. Lakini mzee mwenye kipato chake, hata kidogo, anaulizwa maoni. Asiye nacho anapangiwa. Tanzania Bara bado haina pensheni ya aina hiyo.

Ndugu zangu watumishi wa umma, mjadala wa kikokotoo ulituamsha sote. Tulihesabu asilimia za mkupuo hadi nukta ya mwisho. Sikumbuki kama tuliulizana, tukiwa na shauku ileile, tutaishi wapi na nani atatushika mkono kwenda msalani. Mtumishi anayestaafu kwa lazima akiwa na miaka 60 anaweza kuishi mingine ishirini na zaidi. Nyumba tunazojenga kwa mkopo zina ngazi ndefu na vyoo vya kuchuchumaa, kana kwamba magoti yetu yamesaini mkataba wa kudumu.

Madai yangu kwa serikali ni manne. La kwanza, viwango vya chini vya makazi ya wazee, ya umma na ya binafsi, vibandikwe katika kila ofisi ya kata kwa Kiswahili kinachoeleweka, na taarifa za ukaguzi ziwe wazi ili familia izisome kabla ya kulipa. La pili, utunzaji wa wazee utambuliwe kuwa taaluma yenye mafunzo, cheti na mshahara, ili binti wa kazi wa leo aweze kuwa mtunzaji mwenye sifa kesho. La tatu, Maafisa Ustawi wa Jamii wapewe jukumu, na usafiri, wa kuzungumza na mzee faraghani kabla hajahamishwa, kuthibitisha kwamba anakwenda kwa ridhaa yake. La nne, fedha zisiende kwenye majengo peke yake. Wazee wengi hawahitaji kuhama kabisa. Wanahitaji mhudumu wa afya ngazi ya jamii apite mara mbili kwa wiki, kishikio chooni, na ukumbi wa kata ambapo wanaweza kushinda mchana pamoja na kurudi kwao jioni. Hiari haipo pasipokuwa na zaidi ya njia moja.

Katika vituo vyetu vya afya yapo mabango yenye maneno "Mzee Kwanza". Ni maneno mazuri, na nimeona foleni zikisogea kwa ajili yake. Kila tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, tunayarudia majukwaani. Sasa tuyapeleke hadi kwenye kikao cha ukoo. Kabla ya kaka mkubwa kuzungumza, kabla ya anayelipa kutaja kiwango, kabla ya jirani kusema watu watasemaje, anayehamishwa aletewe kiti, akae, naye azungumze wa kwanza.